Mpaka Rangi wa Kata ya Sita

Manispaa imenipa ndoo ya rangi nyekundu,
brashi mbili, na daftari la kata ya sita ya Birendranagar.
Kila mlango uwe na namba kabla ya mvua za Asar.

Nilianza vizuri: moja, mbili, tatu,
hadi kwa Gyanendra fundi cherehani, kumi na nne.
Niliporudi Jumapili, kati ya kumi na nne na kumi na tano
palikuwa na nyumba,
saruji mbichi, mbuzi amefungwa kwenye nondo.
Nikaandika 14A.
Alhamisi ikazaliwa 14B, nyuma yake, bila njia.
Mwenyewe hupita jikoni kwa watu
akibisha hodi kwenda kwake.

Wananiita mpaka rangi, kisha wananiuliza mpaka:
"Ukuta wa jirani unaishia wapi?"
Mimi nina brashi tu.

Ninapochovya rangi palikuwa na mpunga wa Dilsara Budha.
"Uliuza kwa kiasi gani, mama?"
"Kwa hatua. Walikuja na kamba.
Ng'ombe wangu alizalia pale,
lilipo bafu la mwalimu."

Nyumba nyingi hazina mtu ghorofani.
Nondo zimesimama wima kama nywele za aliyeshtuka,
zikingoja mshahara mwingine kutoka Katari.

Bomba hutoa maji saa nane za usiku, nusu saa, basi.
Ndoo hupanga foleni tangu jioni, wenyewe wamelala:
moja ina utepe wa kijani, moja imeng'atwa na mbwa,
moja haina mkono.
Ndoo zinajuana. Namba zangu hazina kazi pale.

Namba 31 imekaa juu ya mfereji wa zamani.
Mhandisi alisema mfereji haumo kwenye ramani.
Mwaka jana mfereji ukaja wenyewe kujieleza:
ukaingia mlango wa mbele,
ukatokea jikoni,
ukaondoka na sufuria na kiatu kimoja cha shule.

Diwani anazitaka namba ili atoze ada ya taka.
Taka hazina anwani, zinalala popote.

Leo rangi imebaki kidole kimoja.
Dilsara amekataa mlango wake uandikwe.
Amenishika mkono hadi nyuma ya nyumba,
kwenye mpunga uliosalia, upana wa mikeka minne.
"Andika hapa."
"Hapana mlango, mama."
"Wakija na kamba wakute pana mtu."

Nikageuza jiwe upande mkavu, nikaandika 14C.
Herufi ya mwisho ilitoka hafifu, brashi ikikwaruza.
Kwenye daftari, penye idadi ya wakazi,
nikaandika:
vyura, sijamaliza kuhesabu.