Rangi ya Mlango wa Mashariki

Mlango huu nimeupaka mara tatu.
Kijani, alipokuja mshauri wa kwanza
na masanduku kumi na manane ya majalada.
Buluu, alipokuja wa pili na projekta
na neno moja refu alilolibandika kila ukuta.
Wa tatu aliondoka rangi haijakauka.
Nyumba njema si mlango, najua,
ila brashi ndiyo niliyopewa.

Mimi ni Thurman Laskowski, wa boila na mifagio,
Shule ya Kati ya Hoyt Bend, mjini Saginaw,
miaka ishirini na sita chini ya sakafu
nikisikiliza miguu ya darasa la sita, la saba, la nane.
Umri ule mguu hukua kabla ya mwenyewe.
Kwanza viatu, halafu kicheko,
halafu mtu kabamizwa kwenye kabati.

Yale majalada yako hapa, nyuma ya boila.
Moja nimeliegemeza mlango wa stoo usijifunge.
Hilo, nakiri, limefanya kazi.

Februari, theluji hadi madirishani,
mwalimu mkuu mpya, Odessa Pruitt, alishuka ngazi zangu.
Hashuki mtu huku ila bomba lipasuke.
Akapindua ndoo, akakaa.
"Unaona nini wewe, ambacho sisi hatukioni?"

Nikasema: kengele ya saa tano na robo.
Watoto mia nne, korido moja, dakika tatu.
Damu ninayoifuta ni ya hapo.
Akaandika kwa penseli, mgongoni mwa bahasha.
Jumatatu kengele ile haikulia.

Sikuamini. Bado siamini sana.
Kila Alhamisi tukaketi meza moja:
wapishi, karani, dereva wa basi, walimu wote,
na mimi nikinuka dizeli.
Tuligombana. Eberhardt wa sayansi
alitoka akibamiza mlango, mara mbili,
akarudi mara mbili,
ya pili akiwa na mkate wa ndizi aliouoka mkewe.

Kisha kila mtu mzima akapewa watoto kumi,
dakika ishirini kila asubuhi.
Kumi? Mimi? Nikafagia upya chumba cha boila.

Wa mwisho kushuka alikuwa Ysidro Bañuelos,
miaka kumi na mitatu, bingwa wa utani,
kwani anayechekesha haambiwi asome.
Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na boila,
na bati lake lenye maandishi mekundu.
"Ta," akasema. "Taha." Akatazama ngazi.
"Tahadhari. Usi... usifungue val..."

Tisa wengine hawakucheka.
Boila lenyewe lilinyamaza, au nilidhani hivyo.
Dakika ishirini zote, sentensi moja.

Juni matokeo yakaja: kusoma, juu kidogo kama ukucha;
hesabu, chini.
Wilaya ikatuma barua, na makopo mawili ya rangi ya machungwa.
Pruitt akaniuliza nitaanza lini.
Nikamwambia bawaba zinalia, nina mafuta,
nitaanza na hizo.

Makopo yako nyuma, na majalada.
Ysidro siku hizi anasoma kila kitu kwa sauti:
menyu, onyo la zimamoto,
hata yaliyoandikwa ukutani chooni,
ambayo itanibidi niyafute kabla ya kesho.