Kiraka cha Nguo Ileile

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Yangu iliijua mashine ya kufulia,
na viti vya tramu ya Łódź
ambavyo sikuvikalia miaka sita.
Nilisimama. Watu wakadhani nina nguvu.

Siku ya jina la dada yangu Halszka
shemeji alisimulia kisa cha padri na bata.
Meza nzima ilicheka. Mimi nilibana mapaja,
nikiomba mzee yule asahau mwisho wa kisa.
Hakusahau.

Mazoezi ya kubana niliyafanya miezi minane,
hata kwenye foleni ya mkate,
uso mkavu, hakuna aliyejua.

Daktari Sroka ana kalamu ya buluu.
Alichora kibofu kama peasi iliyoinama:
"Shingo imelegea, Bibi Wilk. Watoto watatu, na umri."
Kuna utepe wa plastiki, alisema,
nusu saa tu, jioni uko kwako;
ila wapo uliowakereketa kwa ndani,
na kuutoa si kama kufumua pindo.
Kuna mishono ya kuinua shingo na kuitundika.
Kuna sindano ya ute mzito,
hushika mwaka, pengine miwili, kisha urudi.
Au ukanda wa utando wa tumbo lako mwenyewe,
kidonda kirefu, kitanda siku kadhaa.
"Au usifanye kitu. Hilo nalo ni jibu."

Nimeshona mapazia kiwandani miaka thelathini na moja.
Nikamuuliza swali la fundi: uzi gani,
unaoyeyuka au unaobaki?
Akaweka kalamu chini.
Tukaongea kama watu wa karakana moja.

Nikachagua ukanda wangu.
Nguo kuukuu hutiwa kiraka cha nguo ileile;
kitambaa kigeni, kikifuliwa, hujikunja peke yake.

Siku ya tatu walitoa mpira, na mkojo ukagoma.
Mimi! Mkojo ukagoma!
Nesi, kijana mwenye ndevu chache,
akafungua bomba la sinki, akatoka,
akaniacha na sauti ya maji.
Macho ndiyo yaliyotangulia.

Februari. Tramu inaondoka.
Nimekimbia juu ya barafu na mfuko wa viazi,
nikapiga chafya mlangoni, mbili,
nikasubiri ile habari ya zamani.

Palikuwa na kiti kando ya dirisha.
Nilikikalia hadi kituo cha mwisho,
ambacho si changu.