Maneno ya Jikoni

Jezi yangu ni namba ishirini na mbili,
glavu zangu bado zinanukia duka.
Mimi ni kipa wa akiba, kazi yangu ni macho.
Nimeketi benchini, Sib, saa mbili ya usiku,
joto la bahari limekaa shingoni kama kitambaa kibichi,
na taa nne ndefu zimezimeza nyota zote.

Kombe la wasichana chini ya miaka kumi na saba,
nchi sita za upande huu wa Asia,
na sita zote zinasema Kiarabu.
Hapo ndipo tulipoumia.
Mechi ya kwanza tulipiga kelele: yako! nyuma! kushoto!
Wakatusikiliza kama redio,
wakatufunga manne.

Ndani ya basi Shinuna, kipa wa kwanza, akanigeukia:
"Kwenu, chungu kikifurika, bibi husemaje?"
"Epua."
"Basi."

Usiku ule jiko zima tukalihamishia uwanjani.
Epua: piga mbali, popote, usiulize.
Funika: rudi, mlango u wazi.
Palia: wabane, makaa juu, makaa chini.
Koroga: pasi fupifupi, usiache ikashika chini.
Na kawa ni Shinuna mwenyewe,
ukili ulioshonwa duara, mvuke usipenye.

Wenye bibi wa Kiswahili tulikuwa wanne tu:
Shinuna, Thuweba, mimi,
na Asila wa beki ya kushoto.
Wenzetu wa Nizwa na Ibri walimeza maneno bila kutafuna.
Maathir akashindwa na p, akawa anasema "ebua,"
tukacheka mpaka jirani wa chumba akagonga ukuta.

Leo ni wasichana wa Shamu, warefu, wenye haraka.
Dakika ya sitini, bado hakuna kitu.
Namba tisa wao anamtazama refa
kana kwamba tunawaloga.
Kocha Bahiya, aliyezaliwa Bahla, haelewi hata neno,
ananiinamia: "Wanapika nini hawa?"
Nikamwambia wali.

Dakika ya themanini na moja. Kona.
Shinuna akapaza:
"Epua, Asila! Epua!"

Asila akasimama.

Si woga. Nilikuwa karibu, niliuona uso.
Bibi yake alizikwa Shaabani,
na tangu siku ile hakuna aliyelitaja
jina lake na neno lile kwa pumzi moja,
kwa sauti ile ya mtu mwenye unga mikononi.
Aligeuza shingo, kidogo tu,
kuelekea jikoni.

Mpira ukapita.

Mimi ningepiga kelele, nakiri.
Shinuna aliutoa mpira wavuni,
akamfuta Asila jasho kwa mgongo wa glavu,
akasema, "Kimeungua kidogo tu."
Kisha wakapalia. Wakakoroga.
Thuweba alipiga mwamba dakika ya tisini,
na mwamba ni mwamba, hauna huruma wala lugha.
Filimbi.

Barabara ya kurudi hotelini ina mizunguko mingi,
kila mzunguko una sanamu lake,
kila sanamu tulilitazama ili tusitazamane.
Mpaka Maathir, kutoka kiti cha nyuma:
"Kuna neno la kile kinachobaki?
Kile kilichoungua, kimeshika chini,
mnakikwangua, mnakula?"

Kimya. Kiyoyozi kinavuma.

"Ukoko," akasema Asila.
Neno lake la kwanza tangu filimbi.
"Watoto hugombana kwa ajili yake."

"Na uwanjani maana yake nini?"

Hakuna aliyejua. Hata mimi sijui, nami nimekaa naliwaza
mpaka saa hizi, miguu juu ya begi.
Jumamosi tuna mechi.
Lakini Maathir analijaribu gizani, taratibu,
ukoko, ukoko,
na linamtoka sawasawa,
maana halina p.