Daftari la Vipimo

Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono:
hivyo ndivyo ninavyowajua watu wa Barabara ya Nane,
kwa inchi kwanza, majina baadaye.
Daftari langu lina miaka ishirini na tatu,
limekula mafuta ya cherehani, limekunywa chai.

Bi Mwanamvua wa bagia:
thelathini na moja alipoolewa,
thelathini na sita baada ya mapacha,
arobaini na nne Idi iliyopita.
Akacheka: "Ni neema, fundi, ongeza kitambaa."
Nikaongeza.
Mwalimu Semboja alianza kazi mwembamba kama chaki,
amestaafu na shingo iliyokataa kifungo cha juu.
Nikakihamisha kifungo.
Siku hizi nawaza: vifungo vingapi nimevihamisha
ili mtu asisikie anachoambiwa na mwili wake?

Juzi wauguzi walitandika meza
barazani kwa Hemedi wa baiskeli. Kupima presha, bure.
Nilifuata kivuli tu; umeme ulikuwa umekatika.
Nesi Nakijwa akanizungushia kitambaa mkononi,
mimi, mtu wa kuwazungushia wengine futi!
Kikabana, kikabana, kikaachia kwa pumzi ndefu.
Akatazama. Akaniambia nikae, nisiongee.
Akapima tena, mkono wa pili.
"Mia sabini na nane kwa mia na sita."
Kichwa kinauma? Hakiumi.
Macho? Natunga uzi bila miwani.
"Ndiyo tabia yake," akasema. "Haipigi hodi."

Kisha maswali, kama mtu anayefumua pindo.
Umri? Arobaini na tisa kwa cheti; kwa mgongo, zaidi.
Baba? Alianguka bafuni, Ramadhani, kabla ya futari,
mdomo ukaenda upande.
Tulimnywesha kombe, tukasema upepo mbaya.
Chumvi?
Hapo nilimwangalia Hemedi, naye akaangalia spoki.
Papa mkavu kila Ijumaa,
na muhogo wa jioni, ule wa kuchovya,
hadi kidole kinarudi kinywani cheupe.
Sigara? Mbili.
(Sita, msimu wa sare za shule.)
Usingizi? Unauzwa duka gani?
Mawazo? Mtoto yuko chuo, mke ana deni la vikoba,
na kuna shule imevaa sare zangu mia mbili
haijanilipa tangu mwaka juzi.
Mazoezi?

Hapo nikaikumbuka mota.
Cherehani ya baba ilikuwa ya kukanyaga,
naye aliikanyaga tangu alfajiri, miguu yake kamba tupu.
Na bado alianguka. Sikumficha nesi hilo.
"Damu yenu ina njia yake," akasema,
"wewe usiifagilie."
Mimi nilifunga mota mwaka binti alipofaulu,
nikakaa. Miaka kumi na moja nimekaa.
Sindano inakwenda mbio, mshonaji hajongei.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
hawakusema kitu kuhusu aliyeishona.

Usiku nilifunga mlango, nikajipima.
Kazi ngumu: futi inateleza,
na tumbo unalivuta ndani bila kutaka,
unajiibia inchi mbili mbele ya macho yako.
Nikapumua. Nikaliacha liseme.
Arobaini na tatu.

Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa baba,
kwake ndiko nilikojifunzia kupima.
Thelathini. Thelathini. Thelathini na moja.
Halafu mwandiko wangu unaoyumba: "sanda",
na mbele yake pamebaki peupe.
Sanda haina kiuno.

Nikafungua karatasi safi, nikaandika jina langu,
tarehe, arobaini na tatu,
na pembeni, kwa kuwa haina safu yake: 178/106.
Nesi ameandika Bombo, saa mbili asubuhi.
Mke wangu akauliza kutoka chumbani,
"Unamshonea nani usiku huu?"
Nikamjibu kuna mteja mmoja
nimemchelewesha sana.