Herufi Ishirini na Mbili

Mama yangu, Bogumiła, alifuma pamba miaka thelathini
katika kiwanda cha matofali mekundu, mjini Łódź,
mpaka akawa anasoma midomo kuliko anavyosikia.
Alisema: nguo haimalizwi na uchakavu,
humalizwa na mkasi usio na mwenyewe.

Sikurithi kitanda cha mfumi.
Nimerithi ghorofa ya tatu ya kiwanda kilekile,
sasa maabara, na friji inayonguruma
pale alipotundika koti lake.

Kila mwili una mikasi yake.
Vimeng'enya: hukata kolajeni ili kidonda kifunge,
hupisha njia titi la mzazi linapojaa,
kisha hutulia.
Nani huwatuliza?

Uzi.
Uzi mfupi wa herufi ishirini na mbili
usiojenga protini yoyote, usiojenga chochote.
Hukaa njiani tu.
Ujumbe unaotoka kwenye kiini kwenda kuagiza mikasi mipya
hukutana nao, hushikwa mkiani,
na agizo halifiki karakana.

Kwa mgonjwa nambari kumi na tisa uzi huo haupo.
Agizo hufika. Agizo hufika. Agizo hufika.

Leo asubuhi nimeosha jeli:
buluu tupu, buluu ya ovaroli za wafumaji,
na katikati utepe mweupe
ambapo gelatini ililiwa usiku kucha.
Weupe huo ni ukuta uliobomoka.
Ni seli zilizotoka titini bila kuaga,
zikaingia damuni, zikatafuta chumba mfupani.
Za Mama zilipanga nyongani.
Sisi tukampaka mafuta ya kafuri, tukisema ni baridi.

Kinga, mwanafunzi wetu, amezirudishia seli zile uzi wao,
umefungwa ndani ya vitone vya mafuta,
na utepe wa pili umefifia, unakaribia kupotea.
Akaruka, akanishika bega.
Nikamwambia: rudia mara tatu.
Sahani si mtu.
Kisha nikaenda kunawa mikono,
nikakawia huko.

Nyumbani Mama alikata uzi kwa meno.
Mkasi aliufungia kabatini,
ufunguo akauvaa shingoni, mdogo kama ukucha wa mtoto,
na hakuna aliyeshona bila kumwomba.

Ufunguo ninao bado.
Kabati tuliliuza mwaka ule wa mazishi.
Sikumbuki tulimwuzia nani.