Safu ya Saba

"Utapima nini hasa?" profesa aliniuliza
siku moja kabla sijapanda treni.
Nikamjibu: urefu wa majani.
Hakucheka, lakini alikunja midomo.
Nilikuja nyikani na rula ya plastiki
niliyomwibia mdogo wangu,
jina lake limekwaruzwa mgongoni: Madi.

Hapa Kosagash upepo haupumziki hata kumeza mate.
Katika pendekezo langu la utafiti niliandika,
kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kulala nje,
kwamba majani marefu ni pazia,
na ndoero, kama mama yeyote, atapenda pazia.

Siku kumi na moja nilitembea kwenye majani marefu.
Pakanga ikaninukia mpaka kwenye mkate.
Suruali ililowa umande, ikakauka, ikalowa.
Sikuona hata unyoya.

Siku ya kumi na mbili pikipiki ilisimama kando yangu.
Kulyash, kitambaa kichwani, glavu za kiume,
kondoo wake wametapakaa nyuma kama uji uliomwagika.
"Unatafuta nini huko? Huko hakai mtu.
Ndege wako wapo nyuma ya zizi langu.
Kila alfajiri wananitukana."

Walikuwepo.
Kofia nyeusi, nyusi nyeupe, miguu mirefu,
wakikimbia hatua tano na kusimama ghafla
kama waliosahau walichotumwa.
Na kiota: kishimo cha kisigino,
kimezungushiwa vipande vya samadi kavu,
mayai manne yamekutanisha ncha katikati,
rangi yake samadi, madoa yake samadi,
hata nikakaribia kuyakanyaga mimi mwenye shahada.
Nikachomeka rula.
Sentimita mbili na nusu.

Usiku ule nilifuta ukurasa mzima wa pendekezo.
Ndoero hataki pazia. Anataka kuona mbali,
amwone mbweha angali nukta.
Na nyasi hazijinyoi zenyewe.

Viota arobaini na kimoja.
Nilivipa namba, si majina; ndivyo tulivyofundishwa.
Safu ya kwanza tarehe, ya pili mahali,
ya tatu umbali kutoka zizini, na kuendelea
mpaka ya saba: sababu ya kupotea.
Mbweha. Kunguru. Baridi ya usiku wa tarehe tisa.

Namba ishirini na tatu niliikuta asubuhi,
ute wa njano umekaukia kwenye mizizi,
alama ya kwato wazi kama muhuri wa ofisi.
Jike alirudi. Akakalia pale palipokuwa na mayai,
akainuka, akatazama chini ya tumbo lake,
akakalia tena.
Nikaandika: kukanyagwa.
Mkono wangu ulifanya mwandiko mzuri mno.

Kulyash alivua glavu moja, akachuchumaa.
"Nitawapeleka ng'ambo ya mto mpaka vifaranga watoke."
"Usiwapeleke."
"Si hao waliowaua?"
"Ndio hao hao wanaowafyekea."
Alinitazama kama anavyotazamwa
mlevi aliyesema kweli kwenye msiba.

Kisha, akinimiminia chai ya maziwa yenye chumvi,
akasema mwanawe wa Astana amempatia mnunuzi.
Kondoo mia mbili na kumi, wote kwa pamoja.
Fleti ya ghorofa ya sita. Lifti inafanya kazi.
Magoti yake, alisema, yanaitaka hiyo lifti.
Nilitafuta safu ya kuandika hilo.
Nilitafuta pia neno la kumzuia,
nikaona sina haki nalo, nikanywa chai.

Siku ya kuondoka nilimwachia rula ya Madi.
Aliichomeka nyuma ya zizi,
tarakimu zikitazama nyikani,
akaipigilia kwa jiwe kama kigingi cha hema.

Tasnifu ilipita. Waliomba nirekebishe mchoro mmoja.

Mwezi wa tano uliofuata simu iliita nikiwa kwenye foleni ya benki.
Upepo, upepo, sauti ya Kulyash ikipanda na kuzama,
sikuelewa hata kama yuko nje au dirishani,
kisha neno moja, wazi:
"Sita!"
Laini ikakatika.

Nimempigia mara nyingi.
Sijui kama alisema sentimita,
ndege,
au ghorofa.