Bahasha

Chupa imekuja imefungwa gazeti la juzi,
kama pombe inayopita mbele ya wazee.
Kibandiko kinasema: Khamtan Phosri,
miaka hamsini na mitatu, mkata miwa.
Mkojo ni rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Aliniomba radhi dirishani. "Dada, ni mchafu."
Nikamwambia uchafu ndio mshahara wangu.
Hakucheka. Alikuwa ameushika ubavu wa kushoto
kama mtu aliyekumbatia kuku asiyetulia.

Mashine inazunguka dakika tano.
Namwaga maji ya juu, nabakiza mashapo.
Tone moja. Kioo. Kioo chembamba juu yake.
Nainamia hadubini, nazuia pumzi.

Hizo hapo:
bahasha,
pembe nne, mikunjo imekutana katikati,
zimefungwa vizuri, hazina stempu.
Nahesabu ishirini, napotea, naanza upya.
Nikizungusha kichujio, nyuma yao
zinawaka nyingine, nene pande mbili, kiuno chembamba.

Ajarn Somphit alitufundisha kwa maumbo:
kifuniko cha jeneza, tafuta vijidudu;
pembe sita, imerithiwa, waite ndugu wote;
bahasha, muulize anakunywa nini.

Anakunywa nini Khamtan?
Saa kumi na moja alfajiri yuko shambani,
Machi, Khon Kaen, panga linaunguza kiganja.
Glasi mbili mpaka jioni, amesema,
maana maji ni kwenda kukojoa,
na kukojoa ni mzigo mmoja wa miwa usiolipwa.

Haba na haba.
Nani alisema methali ile ni ya akiba tu?

Mwanawe yuko Korea, kiwanda cha vioo. Hupiga simu, haandiki.
Barua aliyowahi kupata ni ya benki, mara mbili.
Kumbe mwili wake ulikuwa unamwandikia usiku kucha,
nyaraka ndogo kuliko vumbi,
na tarishi ni mimi, mwenye glavu.

Kwenye fomu naandika: fuwele, nyingi.
Hakuna kisanduku cha miwa.
Naandika pembeni, kwa penseli: *aruhusiwe kukojoa.*
Daktari atadhani nimechoka.

Natoka. Bado yupo kwenye benchi.
Nampa chupa ya maji baridi; anaipokea kwa mikono miwili,
anakunywa nusu, anaifunika,
anaiviringisha kwenye gazeti lile lile.
"Ya njiani," anasema.